Kwa Wachoraji wa Ramani ya Mtandao: Mama Yuko Mteja

Kwa Mkuu wa Idara ya Ramani,
Kampuni ya Simu (jina mnalijua, nami sitaki kesi),
Nairobi.

Mheshimiwa,

KUH: KUMWOMBEA RADHI MAMA YANGU, MKAZI WA KULAMAWE

Mimi ni mteja wenu wa miaka mingi. Juzi nilikaa na ramani yenu ya mtandao nikaikuza kwenye kioo cha simu mpaka nikaona kwetu. Ramani safi sana. Kaunti ya Isiolo mmeipaka rangi bila uchoyo, na pale Kulamawe, kwenye barabara ya kwenda Modogashe, rangi imemwagika ikavuka senta, ikavuka boma la mama yangu, ikaenda kuwakuta ngamia malishoni. Nikampigia mama kumpa habari njema kwamba anapatikana. Alikuwa mteja, yaani hapatikani.

Mmoja kati ya hawa wawili anakosea, na siwezi kudhani ni ramani. Ramani ina rangi, ina nembo, na imetoka ofisini. Mama hana nembo. Kwa hiyo naandika kumwombea radhi, na kuyataja makosa yake moja baada ya jingine ili mjue kwamba familia imeyaona.

Kosa la kwanza ni mahali alipojenga. Senta iko upande mmoja wa mwinuko wa mawe, boma lake liko upande wa pili. Busta yenu, yaani mnara, iko senta. Mawimbi ya simu hupenda njia iliyonyooka. Yakigonga mwinuko, yanayofika nyuma yake ni makombo. Kompyuta inayowachorea ramani hukadiria tu: hupewa urefu wa mnara, nguvu ya mtambo na sura ya nchi, ikapiga hesabu ya mahali ambapo mawimbi yanapaswa kufika. Mama naye alitafuta kivuli na njia fupi ya kisimani, akasahau kuiuliza kompyuta.

Kosa la pili ni kung'ang'ania kabambe, simu ya vitufe. Wajukuu walimletea simujanja, akaijaribu, akawarudishia pamoja na shukrani. Sababu mnaijua kunishinda. Mtandao wa 2G wa masafa ya megahazi 900 hufika mbali kuliko 3G ya megahazi 2100, na simujanja ikikosa mtandao huhangaika kuusaka mpaka betri inakata roho. Kabambe haina tamaa. Chaji yake inakaa siku kadhaa, jambo kubwa kwa mtu anayelipia kuchajiwa simu dukani. Kumbe mama ambaye hakuona mlango wa darasa amefikia uamuzi ambao mhandisi wenu angeuandikia ripoti na kulipwa marupurupu. Mtamsamehe.

Kosa la tatu linahusu siri za wateja. Katika boma lote kuna mahali pamoja tu ambapo kijistari kimoja cha mtandao husimama: tawi la mgunga, juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu, upande unaotazama senta. Hapo mama amening'iniza chupa ya plastiki iliyokatwa shingo, na humo chupani ndimo simu inamokaa mchana kutwa. Ukiitoa ukaisogeza sikioni, kijistari kinaanguka. Basi simu hupokelewa palepale kwenye tawi kwa kidole kimoja, inawekwa spika, na mama huongea na mti huku ameinua uso. Majirani husikia kila neno. Nilipomnong'oneza kwamba mshahara umechelewa, aliyenijibu ni mzee wa boma la pili, akitaka kujua mwajiri wangu ni nani na ana ng'ombe wangapi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikuutaja mgunga, kwa hiyo tumekosa pa kushtaki.

Lakini kosa kubwa kabisa la mama ni la hesabu. Kwa sensa ya 2019, Nairobi ina watu 4,397,073 waliobanana kwenye kilomita mraba zipatazo 700. Isiolo ina watu 268,002 kwenye kilomita mraba zaidi ya 25,000, yaani watu wasiofika 11 kwa kila kilomita mraba. Busta ya Eastleigh inajilipa kabla ya chai ya saa nne. Busta ya kwetu imezungukwa zaidi na mifugo, na ngamia hanunui bando. Ndiyo maana mnapojisifu kwamba mmefikia asilimia kadha ya Wakenya, mnahesabu vichwa. Vichwa vingi viko mahali pamoja. Nchi kubwa iliyobaki inasukumwa kwenye ile asilimia ndogo ya mwisho, na mama anasukumwa humo pamoja na mbuzi wake.

Serikali ililiona jambo hili zamani. Sheria ya 2009 ilianzisha Hazina ya Huduma kwa Wote, nanyi wenye leseni mkawekewa mchango wa asilimia 0.5 ya mapato ya mwaka, ili huduma ifike mahali ambapo faida peke yake haiwezi kuipeleka. Utafiti uliofanyiwa Mamlaka ya Mawasiliano mwaka 2016 ulionyesha kwamba 2G ilikuwa imewafikia asilimia 94.4 ya wananchi, na kwamba kata ndogo 164 hazikuwa na mtandao hata chembe. Kata hizo zikaandikwa, na minara ikaanza kujengwa kwa awamu. Nawapa hongera waliokosa mtandao kabisa, maana wana orodha yao, na orodha husomwa kwenye mikutano. Masikini mama yangu yuko karibu na busta. Yumo kwenye rangi, kwa hiyo hayumo kwenye orodha. Hakuna bajeti ya kumfikia mtu ambaye tayari amefikiwa.

Huku akingoja, dunia nzima imehamia ndani ya simu. Mwaka 2022 tulionywa kwamba laini isiyosajiliwa sawasawa ingezimwa baada ya tarehe 15 Oktoba. Mama akapanda gari hadi Isiolo mjini, akapanga foleni na kitambulisho mkononi. Akaniuliza, "Nisingekuja, wangezima nini?" Nikajifanya mtandao umekatika. Mwaka 2023 huduma za serikali kwa maelfu zikaingizwa kwenye jukwaa la eCitizen. Oktoba 2024 bima ya afya ya NHIF ikaipisha SHA, na mlango mmoja wa kujisajili ni kubonyeza *147#, menyu ambayo mtandao ukiyumba kidogo inakurudisha mwanzo, kama mtoto aliyekosea kuhesabu. Wazee waliotimiza miaka 70 na kuandikishwa wana shilingi 2,000 za ruzuku ya Inua Jamii kila mwezi, na wa kwanza kujua kwamba zimeingia ni yule anayepatikana.

Siku moja nilikuwa mbele ya karani wa ofisi fulani hapa Nairobi, ofisi ambayo nayo siitaji, nikifuatilia karatasi za mama. Karani akatuma nambari ya siri kwenye simu ya mama, kuthibitisha kwamba yeye ndiye yeye. Nambari ya namna hiyo huishi dakika chache. Ilitumwa adhuhuri, ikaingia chupani jioni, mbuzi wakirudi. Kesho yake karani akanieleza kwa upole kwamba imepitwa na muda. Kwa maana hiyo, adhuhuri ile mama hakuwa yeye, na hadi leo hatujaambiwa alikuwa nani.

Mtandao unaofanya kazi kwetu ni gari la maziwa. Maziwa ya ngamia huondoka asubuhi ndani ya majerikeni, kila moja limefungwa kitambaa cha rangi shingoni ili mwenyewe ajulikane. Isiolo mjini hupokelewa na akina mama wafanyabiashara, wakiwemo wa ushirika wa Anolei, na mengine huteremka mpaka Eastleigh. Dereva akirudi na majerikeni matupu huleta pesa, sukari, dawa ya presha na maneno. "Mwanao anasema atakuja Idd." "Maziwa ya jana yalichacha, usiongeze ya jioni." Mama alishapoteza maziwa kwa sababu onyo la kwamba gari limeharibika njiani lilifika baada ya maziwa kukamuliwa na kukaa juani. Ukisikia watu wanasema simu ni ya kusalimiana, ujue hawajawahi kumwaga maziwa.

Mnaweza kuniambia nisubiri, mambo mazuri yanakuja. Ni kweli yanakuja, na mengi yanapita kwetu yakielekea kwingine. Septemba 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 750 kwa mradi wa ukanda wa barabara ya Isiolo hadi Mandera, na ndani yake umo mkongo wa mawasiliano wa kufuata barabara hiyo. Barabara hiyo inapita Kulamawe. Nilipomweleza mama kwamba waya wa kioo utazikwa ardhini, aliuliza kama ataulalia sikio. Swali zuri. Mkongo hubeba mazungumzo kutoka mnara hadi mnara na kutoka mji hadi mji. Hatua ya mwisho hadi kwenye kabambe inabaki kuwa ya busta na mawimbi, yaani palepale penye mwinuko.

Angani nako hatujasahaulika. Julai 2020 baluni za Loon, za kampuni inayomiliki Google, zilianza kurusha intaneti zikiwa kilomita 20 juu, zaidi kwa watu wa magharibi na Bonde la Ufa. Mwaka uliofuata mradi ukafungwa. Julai 2023 Starlink ikaingia nchini. Setilaiti zake wakati mwingine huonekana usiku zikiwa zimepanga foleni, na mama huzitazama akiwa chini ya mgunga, mkono mmoja kwenye chupa.

Kuna fundi aliyenishauri nimnunulie mama kikuza mawimbi. Nimeuliza. Kifaa cha namna hiyo kinahitaji idhini ya Mamlaka, kwa kuwa kikifungwa ovyo kinavuruga mtandao wa majirani. Tena hukuza kilichopo. Sifuri ukiikuza unapata sifuri kubwa. Pale penye mawimbi hafifu, antena ya nje yenye kuelekea upande mmoja, ikiinuliwa juu ya mlingoti na kuunganishwa na simu ya mezani inayotumia laini, inaweza kusaidia. Ila mlingoti, antena, simu na sola ni gharama ya mbuzi kadhaa, na ramani yenu inasema havihitajiki.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, napendekeza yafuatayo ili mama afanane na ramani:

1. Ahamishiwe barabarani. Vipimo vya ubora wa mtandao mara nyingi hufanywa na gari lenye mitambo linalopita njia kuu. Akiweka kitanda chake kando ya njia hiyo, siku gari likipita atakuwa amefikiwa, na ripoti itamtambua.

2. Apewe Cheti cha Kupatikana, chenye muhuri na rangi ileile ya ramani. Akiugua usiku, atamwonyesha nesi.

3. Nambari za siri zianze kuhesabiwa dakika zake pale mbuzi wanaporudi.

4. Dereva wa maziwa apewe leseni ya mawasiliano, naye achangie Hazina asilimia 0.5, kwa kuwa ndiye anayebeba ujumbe mwingi zaidi kwa njia yetu.

Mkiona hayo ni mazito, yapo mepesi. Wekeni betri za kutosha na sola kwenye busta ya senta, ili isizimike kila dizeli inapokwisha na kuondoka na pesa za watu zilizomo kwenye laini. Kubalianeni na wenzenu kwamba pale ambapo mnara ni mmoja, laini yoyote iushike. Mama hana ugomvi na kampuni yoyote. Wekeni mtambo mdogo wa kurushia mawimbi juu ya mwinuko, ule ule unaoyazuia. Na kabla ya kupaka rangi, mtume mtu mmoja atembee kwa miguu na kabambe mkononi, kutoka boma hadi boma, apige simu akiwa mlangoni mwa kila nyumba, aandike ilipounga na ilipokataa. Pale ilipokataa, pabaki peupe.

Huo weupe ndio ninaoutaka hasa. Katiba, katika Kifungu cha 46, inampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaofaa na ya kupewa taarifa zinazomwezesha kufaidi huduma hiyo. Huduma itachukua muda, hilo naelewa. Nguzo hazioti kama uyoga. Taarifa haina gharama hiyo. Mkifuta rangi pale isipostahili, mama ataingia kwenye orodha, orodha itafika kwenye Hazina, na Hazina ina fedha ambazo ninyi wenyewe mmechangia. Kinachomzuia mama kupata busta kwa sasa ni sifa mliyojipa ya kumpatia busta.

Mkikubali, tafadhali msimjulishe kwa SMS. Gari la maziwa hurudi Kulamawe mchana. Andikeni jina la mama kwenye bahasha, mfunge kitambaa chekundu. Dereva atajua.

Wenu mtiifu, na anayelipa kwa wakati,

Mtoto wa Mteja

Nakala kwa:
Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya
Dereva wa gari la maziwa
Mzee wa boma la pili, ambaye atakuwa ameshasikia