Jinsi ya Kuupima Ubingwa Ukiwa Nakapanya

Mkulima wa korosho wa Nakapanya, wilayani Tunduru, hapandishi gunia kwenye mizani ya chama cha msingi kabla hajaona mshale umesimama kwenye sifuri. Daktari anayetaka kusomea ubingwa afanye vivyo hivyo. Kwanza ashushe vyote vinavyoilalia mizani: kibao cha mlangoni, mjomba aliyekwisha kutangaza harusini kwamba mpwa wake ni bingwa wa moyo, na rafiki wa Dar es Salaam anayesema, "Njoo tu, mengine tutayaona huku." Mengine hayo ni kodi ya nyumba.

Hatua ya 1: Zijue njia. Ukimaliza miaka 5 ya udaktari, mwaka wa utarajali na usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika, njia kuu ni shahada ya uzamili ya tiba, MMed, katika vyuo kama MUHAS, KCMC Moshi au CUHAS-Bugando Mwanza. Fani nyingi huchukua miaka 3, nyingine zaidi. Anayetaka upasuaji ana njia ya pili: COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji kilichoanzishwa 1999, ambacho hufundishia katika hospitali kilizoziidhinisha.

Hatua ya 2: Pima pande zote mbili. Chuoni utakutana na wagonjwa wa rufaa na walimu wa fani nyingi mahali pamoja. Utalipa ada, utahama, na tasnifu itakusubiri baada ya raundi, kliniki na zamu ya usiku. Kwa COSECSA unajifunza ukiwa kazini na kisu unakishika mapema. Lakini bingwa anayekufundisha akihamishwa, mafunzo nayo huyumba.

Hatua ya 3: Waulize walio ndani. Mtafute aliye mwaka wa pili, kwa kuwa wa kwanza bado anashangaa na wa mwisho ameshaanza kusahau. Muulize: upasuaji huu umeufanya kwa mikono yako, au umeutazama begani kwa mtu? Saa 8 usiku ukikwama, bingwa anapokea simu? Ukitoka zamu, unalala au unaunganisha raundi? Akicheka kabla ya kujibu la tatu, umeshajibiwa.

Hatua ya 4: Kaa na mwajiri, kisha na nyumbani. Ruhusa ya masomo, mshahara na mkataba wa kurudi kazini viwe kwenye karatasi. Ahadi ya kwenye korido haina muhuri. Mwenzi wako naye ni mjumbe kamili wa kikao hiki, kwa sababu yeye ndiye atakayewajibu watoto kila watakapouliza baba au mama anarudi lini.

Hatua ya 5: Chagua fani ukiwa na ramani mkononi. Kutoka Nakapanya hadi Tunduru mjini ni kilomita 66 hivi, na kutoka hapo hadi Songea, kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, ni zaidi ya 250. Mzazi anayevuja damu hana muda wa safari hiyo. Ndiyo maana uzazi, upasuaji, watoto na usingizi vina uzito mkubwa huku. Ubingwa wa usingizi hakuna mjomba anayeutangaza harusini, lakini bila mtoa usingizi chumba cha upasuaji ni chumba kisafi tu. Tangu 2024 kambi za madaktari bingwa zimekuwa zikifika kwenye halmashauri, na zinasaidia kweli. Zikiondoka, uchungu wa kuzaa hausubiri kambi ijayo.

Hatua ya 6: Pima mwisho wa safari. Programu bora kwa daktari wa Tunduru ni ile itakayomfundisha kuokoa maisha hata palipo na vifaa vichache. Halmashauri nayo itumie miaka ya masomo ya daktari huyo kuandaa chumba, vifaa na wauguzi atakaofanya nao kazi. Bingwa asiye na vifaa atahama, na tusimlaumu yeye peke yake.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma maombi, andika kwenye karatasi jina la hospitali utakayoitumikia ukimaliza, na wagonjwa utakaowatibu pale. Ukishindwa kuijaza, usiombe mwaka huu. Ukiijaza bila kusita, omba, hata kama mjomba hataielewa fani yako.