Umarekani Nimeupatia Ujerumani

Kwa miaka yote niliyoishi Houston, hakuna aliyewahi kuniita Mmarekani. Nilikula kiapo, nikapewa kibendera na pasipoti ya bluu, nikalipa kodi, nikapiga kura, lakini kila nikifungua mdomo dukani swali ni lile lile: wewe hasa ni mtu wa wapi? Wa Tanga, najibu. Basi nitaulizwa habari za simba, kana kwamba pale Ngamiani tunapishana nao barabarani.

Kampuni ya mke wangu ikamhamishia Stuttgart kwa muda, nami nikafuata na masanduku. Huku, ajabu ya Mungu, nimekuwa Mmarekani tangu siku ya kwanza. Mmarekani kwa jirani, Mmarekani kwa kinyozi. Naulizwa bunduki tumeziachia vipi, na kwa nini kwetu mtu akivunjika mguu anauza nyumba, utadhani sheria hizo nimezipitisha mimi. Wengine wanaamini ni mwanajeshi, na hao siwalaumu sana. AFRICOM, kamandi ya jeshi la Marekani inayoshughulikia Afrika, makao yake makuu yako hapa hapa Stuttgart. Bara zima lile, ofisi yake Ujerumani! Mwafrika mwenye lafudhi ya Texas akionekana kwenye tramu, watu wanajimalizia hesabu wenyewe.

Uchungu wa Umarekani huu niliuonja benki. Kijana aliyenipokea alikuwa mkunjufu, kanivutia kiti, kanipa kalamu. Tukaenda vizuri mpaka kwenye swali la uraia. Nilipotoa ile pasipoti, tabasamu likamkauka. Kumbe tangu mwaka 2010 Marekani ina sheria inayozitaka benki za nje zitoe taarifa za wateja wao Wamarekani, na isiyotii hukatwa asilimia 30 ya baadhi ya fedha zinazoingia kwake kutoka Marekani. Benki nyingine zimepiga hesabu zikaona heri zisituone kabisa. Na kodi yenyewe hailali. Raia wa Marekani anajaza fomu zake hata akihamia mwezini, maana serikali yetu inamfuata mtu kwa uraia wake, si kwa anapokaa. Mwenzetu anayefahamika kwa mtindo huo ni Eritrea. Marekani na Eritrea, chanda na pete!

“Samahani, bwana,” kijana akasema, “Wamarekani hatuwafungulii akaunti.”

Miaka yote ile nilikuwa namtafuta mtu wa kuniita Mmarekani bila kuongeza swali la pili. Nimempata, na ananinyima akaunti.

Lakini benki unaweza kubadilisha. Ngazi hazibadilishwi.

Desturi ya Waswabia, wenyeji wa sehemu hizi, ni kwamba wapangaji wa jengo hufanya usafi kwa zamu za wiki. Wanaiita Kehrwoche. Zamu yako ikifika unakuta kibao kimetundikwa mlangoni kwako, na usijitetee kwamba ngazi zinang'aa; zamu ni zamu. Kuna zamu ndogo, ya ngazi za ghorofa yako, na kuna zamu kubwa: njia ya nje, ua, mahali pa mapipa ya taka, na theluji ikianguka nayo ni ya kwako. Mambo haya si ya jana. Inatajwa amri ya mji ya mwaka 1492. Yaani Columbus akiwa bado baharini anaitafuta India ili aje aibukie kwetu, watu wa Stuttgart walishaambiwa watoe uchafu wao kila wiki.

Nimesoma shule ya bweni, zamu nazijua. Ila kiranja wa bwenini alikuwa na mitihani yake, akichoka anakuacha. Kiranja wa hapa ni bibi wa ghorofa ya kwanza, amestaafu, hana mtihani wowote. Jumamosi moja nimepiga deki kuanzia juu hadi chini, nimekamua tambara, natafuta pa kupumulia. Mlango wake ukafunguka. Hakusema neno. Aliinama, na magoti yake yale, akapitisha kidole kwenye pembe pale kidato kinapokutana na ukuta, akakitazama kidole, kisha akanitazama mimi.

“Kwenu Marekani hamna ngazi?” akauliza, kwa huruma kabisa.

Majibu ninayo tele, Kijerumani ndicho sina. Ningemwambia mimi nimelelewa na mama aliyefagia uwanja kabla ya jua kuchomoza, na aliyeacha jani moja chini ya mwembe haoni chai. Nikampigia mama Tanga nimlalamikie. Akacheka mpaka simu ikakwaruza.

“Huyo bibi nisalimie sana,” akasema. “Nilishakwambia tangu zamani, mwanangu, pembe huzioni.”

Anayenimaliza ni mke wangu. Yeye ni wa Texas tangu mababu, na halalamiki. Anapanda treni ikichelewa anasoma kitabu, mkate mweusi anausifu, zamu yetu inapoangukia wiki ya safari zake za kikazi anasikitika kuikosa. Mimi wa kuja ndiye ninayedai barafu. Mgahawani maji ni ya kununua, utachagua ya gesi au bila gesi, na barafu usiiulize. Julai hii, nyumba hazina viyoyozi, nami naletewa maji ya vuguvugu kwa bei inayokaribia ya bia. Ipo sheria inayomtaka mwenye mgahawa auze angalau kinywaji kimoja kisicho na kilevi kwa bei isiyozidi ya kilevi kilicho rahisi kuliko vyote. Nikauliza ni kipi. Nikaletewa juisi ya tofaa.

Jumapili ndiyo sitaki hata kuisema. Maduka yamefungwa, kutoboa ukuta mwiko, na chupa tupu husogezi kwenye pipa la vioo lisije likalia. Ukiishiwa chumvi, kula bila chumvi.

Linalonikera kuliko yote ni ukimya. Nimetoka Tanga, ambako salamu peke yake ni nusu ya safari. Nikapita Texas, ambako mtu asiyekujua anakuuliza hali kwenye foleni, japo jibu halisubiri. Hapa ukimsalimu uliyekaa naye kwenye tramu, anakagua kama pochi yake bado ipo. Basi nilikuwa nimeshakata tamaa, mpaka nilipoumwa sikio nikaenda kwa daktari. Nimeketi chumba cha kusubiria, mlango ukafunguka, akaingia mzee na mkongojo wake, akatusalimu wote. Na wote, mwenye homa na mwenye bandeji, wakaitikia kwa pamoja! Akaingia mama na mtoto, vile vile. Anayetoka naye anaaga chumba kizima. Nilikaa pale naitikia na kuaga, sikio linaniuma kwa raha zangu, na jina langu lilipoitwa nilitamani kumpisha mwingine.

Bima ninayo. Na kikohozi si kitu kigumu kukipata.