Wadhamini wa Wana wa Wenzao
Waingereza, ambao mwaka 1824 walikwisha kuunda chama cha kuwahami wanyama na dhulma, nacho mwaka 1840 kikatunukiwa lakabu ya Kifalme, walingoja miaka mingi, na mwaka 1884 waheshimiwa wa London wakajumuika Mansion House, jumba la Meya wa jiji, wakaafikiana ya kwamba mtoto naye, kwa hisani yao, astahili hifadhi. Urais wa chama kipya cha watoto alipewa Lord Shaftesbury, shaibu aliyewapigania watoto wa viwandani tangu ujanani; taabu akaibeba kasisi Benjamin Waugh; wengineo wakatoa majina yao, sadaka isiyopunguza mfuko.

Mwaka 1895 chama hicho cha watoto kilipata hati ya malkia, lakini jinani mwake hamna ila “Taifa”: punda ana ufalme, mwana wa Adamu asubiri zamu. Wadhamini wa zama hizi, ambao aghalabu hawapokei ujira, huketi wakatafakari bajeti, mikakati na haiba ya nembo, huku sheria ya huko ikimkataza aliye chini ya miaka 16 kuwa mdhamini wa jumuiya yoyote ya hisani, hata hiyo inayomhusu yeye.