Hongera kwa Kufungiwa

Wanaoisema vibaya Windows 11 wana husuda tu. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za Windows 10, na kompyuta nzima, inayokimbia, ila haina TPM 2.0, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai, ikaambiwa ikapumzike. Huo si upendo? Linux, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, haina adabu hiyo: inapokea makuukuu, haidai akaunti, na ukitaka kuifumua mpaka kwenye msimbo wake inakuachia. Nani ana muda wa uhuru wote huo? Mac za siku hizi zimestaarabika zaidi. RAM imegandishwa humo humo, usije ukajichosha kuiongeza. Wewe bofya “Nakubali” bila kusoma, kisha subiri kompyuta ijizime na kujiwasha katikati ya kazi. Wenye bisibisi wakae nazo.