Kwa Mkutano Mkuu wa Afya Duniani: Habari ya Mahabusu Asiyepata Kuishi

Waheshimiwa Wajumbe, Geneva,

Nawaandikia kwa ajili ya mahabusu wenu, kirusi cha ndui, ambaye mlitangaza mwezi wa Mei 1980 kwamba ametokomezwa ulimwenguni, karibu miaka mitatu baada ya kumwambukiza mpishi wa hospitali ya Marka, Somalia, na ambaye sasa yumo katika majokofu ya Atlanta na ya Koltsovo, Urusi, akingojea kuangamizwa. Na siku yenyewe ilitajwa kwanza kuwa mwisho wa 1993, ikasogezwa hadi 1999, kisha 2002, kisha ikaachwa bila tarehe.

Simwombei msamaha, kwani aliyewahi kuona nyuso za wazee wetu zenye makovu yake hana huruma ya kumkopesha. Ninalouliza ni la sheria. Vitabu wanavyosomeshwa watoto wetu vinasema kirusi hakina uhai: hakili, hakipumui, wala hakizai pasipo kuingia katika seli ya mwingine na kuitumikisha, na Wendell Stanley, aliyekigeuza kirusi cha tumbaku kuwa fuwele mwaka 1935, alipewa Tuzo ya Nobel, nayo ilikuwa ya kemia. Maadamu hajapata kuishi, mwamhukumu kufa kwa kanuni gani?

Au mtasema yu hai? Mwezi wa Julai 2014, katika chumba cha baridi huko Bethesda, Marekani, lilionekana boksi kuukuu lenye vichupa vya glasi vilivyofungwa katika pamba tangu 1954, ambavyo hapana aliyevikumbuka; sita vilikuwa vya ndui, na vilipopimwa, viwili kati yake vilipopewa seli vikazaa. Maiti gani huyu? Mwaka uliofuata viliteketezwa mbele ya mashahidi wenu, heshima ambayo jiwe halijapata kufanyiwa.

Fauka ya hayo, nasaba yake imekwisha kuandikwa herufi kwa herufi, na wataalamu wa Kanada wamemuunda jamaa yake, ndui ya farasi, kwa vipande vya DNA walivyoagiza kwa posta. Hata mkimnyonga, basi, atabaki katika maandishi. Nionavyo mimi, twampa uhai tunapomwogopa, na twamnyang'anya tunapofanya mtihani.

Kwa hiyo nasihi, kabla ya kutaja tarehe nyingine, mtoe fatwa: akiwa yu hai, walimu waamriwe kusahihisha vitabu, akiwa si hai, walinzi waruhusiwe kwenda makwao. Nadhani nao wangependa kujua wanalinda nini.

Wenu mtiifu,
Msomaji wa Pwani