Siku Tatu za Mungu

Nyumbani kwetu Junju Mungu ana siku tatu, na zote zina chakula. Ijumaa ni ya ami na watu wake, wanaotoka msikitini moja kwa moja hadi kwenye sinia la wali wa nazi. Jumapili ni ya mama, ambaye hufika kanisani kabla ya mwenye ufunguo. Ya tatu ni Jumwa, siku ya nyanya yangu Hawe, na hiyo ndiyo inayonivuruga, maana haitulii mahali pamoja. Wiki ya Wamijikenda ina siku nne tu, na Jumwa ndiyo ya kupumzika, jembe haliguswi. Ikiangukia Jumanne, inayofuata ni Jumamosi, halafu Jumatano. Hukutana na Jumapili mara moja tu katika kila siku 28, na siku hiyo mama na Hawe huwa hawana la kubishania mpaka jua linatua.

Ukitusikia utadhani tuna nafasi. Lakini mimi kazi yangu iko Mombasa, na kati ya Mombasa na Junju kuna Mtwapa. Barabara inapanuliwa, na jioni magari hayaendi, yanajongea. Muuza karanga wa pale anakupa pakiti, anakwenda kunywa chai, anarudi kudai pesa zake na bado mko palepale.

Ramadhani iliyopita ami alitualika futari. Mwezi huo hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, lakini magharibi ya pwani yetu haina mzaha: ni kwenye saa kumi na mbili na nusu, basi. Niliaga kazini mapema, nikapanda matatu nikiwa na matumaini ya kijinga. Adhana ilitukuta Mtwapa. Mama mmoja wa buibui akafungua mkebe, tende zikaanza kupita kiti kwa kiti, zikafuatwa na kachiri, zikafuatwa na chupa ya maji. Kabla sijaeleza kwamba mchana nimekula chapati kwa maharagwe, tende imeshaingia mdomoni na mzee wa kiti cha nyuma ananiombea Mola aitakabali saumu yangu. Mtu kama huyo utamjibu nini? Nikaitikia amina. Hata makanga alingoja dua iishe ndipo akadai nauli. Vipingo nikadaka bodaboda, na kwa ami nilifika vyombo vinaoshwa, wanangu wamelala mkekani na shira ya kaimati mashavuni. Ami akauliza kama nimefuturu. Nikamwambia nimefuturu, tena na watu wa heshima.

Mke wangu akasema imetosha. Tukapanga sala ya familia kila usiku saa tatu, simu zote ndani ya sufuria, kifuniko juu. Mpango ulikuwa mzuri kwenye maneno. Ila sijui kama umewahi kusikia simu inayotetema ndani ya sufuria. Ni ngoma ya mwanzele, inakosa kayamba tu. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa katikati ya kumwomba Mungu ambariki mbuzi, jina kwa jina, sufuria ikaanza kusogea yenyewe juu ya meza. Aliyekuwa anapiga ni mwenyekiti wa kamati ya mazishi.

Hapo ndipo muda wetu unapoishia, nami sioni haja ya kuficha. Watu husingizia ofisi, husingizia barabara, lakini Junju mwizi mkubwa wa wakati wa familia ni familia. Akifa binamu wa shemeji, kuna vikao, kuna michango, kuna kulala matangani, kuna Jumamosi ya kuzika na Jumapili ya kuhesabu masufuria yaliyoazimwa. Na ukishajulikana kuwa unafanya kazi Mombasa, hutaulizwa: wewe ni mweka hazina. Usiku huo vijana walikuwa wameshafunga spika za disko matanga, lile ambalo machifu hulipiga marufuku na ambalo halijawahi kukosa watu. Sala yetu ikamalizika kwa mdundo. Mbuzi wa mwisho alibarikiwa kwa kupigiwa kelele, na mabati yakaitikia.

Jumwa iliyofuata nilikuwa likizo, nikakaa na Hawe chini ya mwembe. Kumfurahisha, nikamweleza kwamba mwaka 2022 kampuni 61 za Uingereza zilijaribu wiki ya kazi ya siku nne bila kupunguza mishahara, na nyingi zikaipenda, zikaendelea nayo. Akaacha kusuka ukili. Akataka kujua kama hao Waingereza wana Jumwa. Nikamwambia wana zaidi: wanafanya kazi siku nne, wanapumzika tatu.

"Tatu!" akasema. "Na hawalali matangani?"

"Hawalali, Hawe. Mtu anazikwa, watu wanakunywa chai, wanarudi kwao jioni."

Alifikiri kwa muda mrefu, uso umejaa huruma. "Maskini. Sasa hizo siku tatu zote wanakaa na nani?"

Kabla sijajibu akanikumbusha kuwa kikao cha kamati ni saa kumi, na kwamba mweka hazina ndiye anayetarajiwa kuja na sukari.