Sifa za Ekari Tano za Mawe

Wengine husifu ng'ombe, wengine husifu bibi harusi, na hapa Kitengela siku hizi tunasifu ploti. Mimi nasimama kusifu mawe. Nimeyarithi: ekari tano, mbele ya Olorgesailie ukiteremka kwenda Magadi, mahali ambapo upepo wa saa saba mchana hukupiga uso kama vile mtu amefungua tanuri la mkate.

Habari ililetwa na baba mdogo kwa simu. "Kijana, uko na shamba." Kumbe babu mzaa babu yangu aliandikishwa katika rejista ya ranchi ya kikundi, zile zilizoundwa kwa sheria ya 1968, kisha ukoo ukamsahau humo kama mtu anavyosahau mwavuli kwenye matatu. Ranchi ikagawanywa, jina likaitwa.

Walioitika tulikuwa kumi na wanne. Niliyajua yatakayofuata, maana nimeona ndugu wa tumbo moja wakitishana mapanga kwa ajili ya futi hamsini kwa mia. Nikapiga picha, nikazituma kwenye kundi la familia. Kimya cha siku mbili. Halafu mmoja mmoja wakaanza: "Wewe ndiye mkubwa wetu." "Wewe umesoma, chukua tu." Hadi Ijumaa wote kumi na watatu walikuwa wamejitoa, na wawili wakaniombea dua. Nitajieni shamba lenye rutuba lililowahi kuleta amani ya namna hiyo.

Mawe yakanisomesha pia. Karani mmoja alitaka cheti cha kifo cha mzee. Nikamweleza kwamba mzee angekuwa hai leo angekuwa na miaka mia moja thelathini. Akanitazama kwa upole: "Lakini amekufa? Nani amethibitisha?" Barua ya chifu, kiapo, tangazo kwenye gazeti rasmi la serikali, siku thelathini za kungoja mwenye pingamizi. Nilizingoja kwa hamu. Hakutokea hata tapeli.

Hapo ndipo nilipoanza kuyaheshimu. Babu yetu wa upande wa pili alituachia ardhi ya maana, tambarare huku Kitengela, yenye nyasi ambazo swala na nyumbu wa mbuga ya Nairobi walizifuata kila mvua. Iliuzwa kipande kwa kipande, ikawa fleti na karakana. Sehemu ya mwisho ilinunua Prado. Gari hilo liko uani kwa binamu yangu sasa, halina magurudumu, limepandishwa juu ya mawe manne. Nyasi zimekwenda, pesa zimekwenda, gari limekwenda likiwa limesimama palepale. Yaliyobaki kazini ni yale mawe manne.

Na usidhani ukoo wangu ndio wa kwanza kurithishwa mawe upande ule. Pale Olorgesailie mababu wa mbali kuliko wote, walioishi kati ya miaka 1,200,000 na 490,000 iliyopita, waliacha mashoka ya mawe kwa maelfu. Louis na Mary Leakey walianza kuyachimbua miaka ya 1940, na tangu 1947 mgeni anaweza kuyaona yakiwa yamelala yalipolala. Nimesimama kwenye ule ujia wa mbao nikayatazama: makubwa, yamechongwa pande mbili, yametupwa chungu nzima kama vikombe baada ya harusi. Waliokuja baadaye, yapata miaka 300,000 iliyopita, walitumia jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, na hilo halikutoka hapo, lilibebwa kutoka mbali. Fikiria mtu anayebeba mawe kuyapeleka Olorgesailie! Ni sawa na kwenda Magadi na pakiti ya magadi mfukoni.

Kokoo, yaani nyanya yangu, ambaye hunusa ugoro wake uliotiwa chembe ya magadi kutoka ziwa lilelile, alinisikiliza nikilalamika kwamba hakuna kinachoota huko. Akapiga chafya mbili. "Ng'ombe wangapi wamekufa kwa ukame huko kwako?" Hakuna, nikasema. "Basi umewashinda jirani zako wote."

Dalali alikwisha kunipigia, anataka nimuuzie ayasage kokoto. Nimemwambia nafikiria. Wakati huo nimebeba jiwe moja hadi nyumbani, kubwa kama kichwa cha mbuzi, lizuie mlango usipigwe na upepo. Askari wa geti alinisimamisha.

"Hilo ni la nini, mzee?"

"Urithi."

Akafungua daftari la wageni, akaandika: jiwe moja, saa kumi na mbili na robo jioni, nyumba ya B7. Akanipa kalamu, nikatia sahihi. Hakuniuliza barua ya chifu.